Suala la Matawi ya Lugha za Kiselti

Edward Lhuyd alipochapisha Archaeologia Britannica mwaka 1707, alibainisha kwamba Kiairishi, Kiwelshi, Kikornishi na Kibretoni ni lugha zenye udugu. Mwaka 1853 Johann Kaspar Zeuss, katika Grammatica Celtica, aliujenga udugu huo juu ya misingi imara ya isimu linganishi. Kwamba lugha hizi ni za jamii ya Kihindi-Kiulaya si jambo la kubishaniwa tena. Libishaniwalo ni mpango wa matawi yake.

Alama mojawapo ya ukoo mzima ni kudondoshwa kwa sauti p ya asili: Kilatini husema pater, 'baba', Kiairishi husema athair. Baadaye sauti kw ilifuata njia mbili. Katika Kiairishi, Kigaeli cha Uskoti na Kimanksi iliishia kuwa k. Katika Kiwelshi, Kikornishi na Kibretoni iligeuka kuwa p. Hivyo 'nne' ni ceathair kwa Kiairishi na pedwar kwa Kiwelshi. 'Kichwa' ni ceann na pen. Lugha za bara zilizokwisha kufa nazo zilitengana: Kigauli kilikuwa na p, ilhali Kiseltiberi cha Hispania kilihifadhi kw. Ndipo baadhi ya wataalamu walipokiweka Kigauli tawi moja na Kiwelshi.

Hata hivyo, badiliko hilo ni jepesi kutokea. Kiyunani kilifanya vivyo hivyo katika mazingira fulani, na Kioska cha Italia pia, na wala si lugha za Kiselti. Kwa hiyo wapo washikiliao, kama Kim McCone, kwamba lugha za visiwani ndizo tawi moja. Hizo hutanguliza kitenzi katika sentensi, na huunganisha kihusishi na kiwakilishi kuwa neno moja: agam ya Kiairishi ni 'kwangu'. Lakini hoja hii nayo ni msumeno, hukata mbele na nyuma, kwani sarufi pia yaweza kuambukizana baina ya majirani.

Yafaa pia tusihadaike na jiografia. Kibretoni husemwa Ufaransa, lakini hakitokani na Kigauli; kilipelekwa huko na wahamaji kutoka Britania katika karne ya 5 na ya 6.

Suala hili si la kupanga majina tu. Iwapo Kiairishi na Kiwelshi ni tawi moja, sifa walizonazo hao wawili peke yao haziwezi kuhesabiwa kuwa za lugha mame bila ushahidi wa bara. Bamba la shaba lililogunduliwa Botorrita, Hispania, mwaka 1970 lina matini ya Kiseltiberi ambamo kitenzi huja mwishoni. Basi haielekei kwamba kutanguliza kitenzi ni urithi wa ukoo mzima. Makundi mawili madogo ya visiwani yamethibitika. Kiungo kilicho juu yao hakina budi kuamuliwa kwa mizani ya ushahidi mwingi, wala si kwa sauti moja.