Tumwite Mkuza Stadi

Tabibu wa Morogoro anayegeukia watoto wenye usonji huingia kwenye kazi isiyoandikiwa dawa. Vifaa vyake ni mtoto, mlezi na subira. Anatudai majina, nasi walinzi wa lugha tumlipe.

Tuanze na usonji. Mwenzake ni tawahudi, neno la Kiarabu lenye shina moja na wahedi na tauhidi. Neno la Ulaya alilobuni Eugen Bleuler, ambalo Leo Kanner alilitumia kuwaelezea watoto mwaka 1943, limetoka kwenye Kigiriki autos, yaani nafsi. Tawahudi na hilo la Ulaya humwona mtoto kajitenga. Lakini mtoto anayeuvuta mkono wa mama hadi kwenye kikombe cha maji hajajitenga: anaomba. Usonji halimtangulizii hukumu hiyo. Tulishike.

Tiba ya tabia ndilo jina linalotumika kwa kazi yenyewe. Tabia kwa Kiarabu ni maumbile. Kwetu imekuwa maadili. Mwambie mama aliyeshuka kutoka Mgeta kwamba mwanawe anahitaji tiba ya tabia, naye atasikia kwamba hakumlea. Mwenendo, mtoto wa kitenzi kwenda, nalo lina doa hilohilo. Kinachofundishwa hasa ni kuomba, kungoja zamu, kuvaa shati. Hizo ni stadi, na stadi hazina aibu. Napendekeza tiba ya stadi.

Wengi huita zawadi kile anachopewa mtoto akifaulu. Zawadi hutazama mkono wa mtoaji. Mimi nachagua uimarishaji, unaotazama kitendo: kama kimerudiwa, kimeimarika. Kiimarishi chaweza kuwa wimbo, kubebwa au kipande cha muwa. Mtoto ndiye anayeamua kipi kinafaa.

Kuna mbinu ya kusifu kila jaribio linalokaribia lengo, hata likiwa nusu. Wapo watakaosema kufinyanga, lakini mfinyanzi huuamulia udongo umbo. Lugha yetu ina dede, neno tunalomshangilia nalo mtoto anayesimama huku akiyumba. Hatumngoji atembee ndipo tupige makofi. Tuseme kudedesha.

Mafunzo ya wazazi nayo tuyaite mafunzo ya walezi. Uluguruni ukoo hufuata mama, na mjomba ana sauti juu ya mtoto. Mzazi ni yule aliyezaa. Mlezi huongeza bibi, mjomba na dada mkubwa, watu ambao bila wao stadi iliyofunzwa kliniki itakufa nyumbani.

Na mtaalamu mwenyewe? Mganga limebaki kwenye cheo cha Mganga Mkuu, lakini mtaani lina ramli ndani yake. Tabibu ni jina la kule alikotoka. Bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya fani hii, iliyoanzishwa 1998, tangu 2023 imewafungia mlango waombaji wapya kutoka nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Basi hata cheo cha kuazima hakipo. Jina ni letu kulitunga. Tunao wakuza mitaala, na hakuna anayeshangaa. Tuwe na mkuza stadi: kukuza huanza na kilichopo, hakudai kwamba mtoto ameharibika.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa 1967, ndiyo yenye kusanifu istilahi. Kabla hatujaipelekea haya, tuyapime kule Uluguruni, Matombo na Kinole, kwa walezi wenyewe. Neno ambalo mlezi ataona haya kulitamka mbele ya jirani tulikatae, hata likipendeza kamusini.