Ubadilishaji wa mabomba ya maji katika nyumba za Manzese

Ubadilishaji wa mabomba ya maji ni kazi ya kung'oa mabomba yaliyooza, au kuyaacha ardhini yakiwa yamezibwa, na kutandaza mapya kutoka kwenye dira hadi kwenye koki. Manzese ni kata iliyo kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Ubungo. Kazi hii ina sura yake huko kwa sababu mbili: maji huja kwa mgao, na nyumba moja hukaliwa na wapangaji wengi.

Manzese haikupimwa kwanza ndipo ikajengwa. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliamua kuboresha makazi ya namna hiyo badala ya kuyabomoa, na Manzese ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Nyumba zikabaki pale pale, na mabomba yakapita palipopatikana upenyo. Ndiyo maana hadi leo ni vigumu kumpata mwenye mchoro wa bomba lake: fundi huuliza wazee wa nyumba, au hufuata sehemu ya sakafu iliyowahi kuchimbuliwa na kuzibwa.

Ndani ya viwanja, mabomba ya zamani ni ya chuma kilichopakwa zinki, ambayo mafundi huyaita GI. Zinki hulika polepole, kisha chuma hushika kutu kutokea ndani. Kutu hiyo hutunga vinundu vinavyobana njia. Bomba la inchi robo tatu likibanwa hadi nusu ya kipenyo chake, hata robo ya maji ya awali hayapiti. Mgao huharakisha uharibifu, kwa kuwa bomba linalojaa na kukauka kila mara hupata maji na hewa kwa zamu, na hicho ndicho chakula cha kutu. Visima vyenye maji ya chumvi, ambavyo wengi huviunganisha na mabomba ya ndani ili kuziba pengo la mgao, huongeza kasi hiyo.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Maji yakikatika, bomba lenye tundu hugeuka mfyonzaji: hunyonya majimaji ya udongo unaolizunguka. Katika ua mwembamba wa nyumba ya Kiswahili, ambako koki, bafu na shimo la choo hukaa hatua chache tu, udongo huo si safi. Maji yanayotoka kwanza baada ya ukame wa siku kadhaa, kama wakati wa mgao mkali wa mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, ni ya kumwagia sakafu, si ya kunywa.

Wenye nyumba wengi huanza kwa kiraka: mpira wa baiskeli, waya, kisha kipande kipya. Kiraka ni gharama ya kurudia. Ukilazimisha soketi iliyoshika kutu kwa spana, tredi ya jirani yake hupasuka. Na chuma kipya kikiungwa na cha zamani, kipya ndicho huoza haraka zaidi. Umbali kutoka dira hadi uani kwa kawaida ni mfupi, hivyo kubadilisha laini nzima kwa siku moja ni busara zaidi kuliko kuita fundi mara tano. Kwa desturi, kinachovuja baada ya dira ni juu ya mteja, na yuniti moja ya dira ni lita 1,000. Wapangaji wanaochangia bili hulipia hata maji yaliyoingia ardhini.

Mabomba mapya ni ya plastiki. Yale meusi hustahimili jua na hupinda bila maungio mengi, hivyo hufaa kati ya dira na nyumba. Aina nyingine, PPR, huunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi: bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7. Fundi akizidisha, plastiki hujikunja ndani na kubana njia, kosa lile lile lililokimbiwa kwenye chuma. PPR huharibiwa na jua, kwa hiyo ipite ndani ya ukuta au ifunikwe. Laini ipite mbali na shimo la choo, na vali ya kuzuia maji kurudi nyuma iwekwe karibu na dira.

Jambo moja husahaulika: katika baadhi ya nyumba waya wa ethi wa umeme umefungwa kwenye bomba la chuma. Chuma kikiondoka, ethi huondoka nacho, na fundi umeme lazima achimbie fimbo mpya kabla ya yeyote kugusa friji.

Laini ikishaunganishwa, hujazwa maji, koki zote hufungwa na dira hutazamwa. Namba zikisogea, kuna ungio linalovuja. Jaribio hilo lifanywe siku ya mgao kufunguliwa, lakini baada ya hewa kutoka, kwa sababu hewa inayosukumwa bombani nayo huizungusha dira. Kisha laini huoshwa kwa klorini, ikaachwa usiku kucha, na maji yakamwagwa. Vipande vya chuma vilivyong'olewa huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vilivyobaki chini ya saruji huzibwa pande zote mbili, na fundi mwangalifu hupiga alama ukutani mahali vinapopita, ili mwingine asije akaviunga tena.