Hakimiliki ya Unga Mweusi

Muulize kijana yeyote mwenye mswada kwapani hakimiliki ni nini, atakujibu bila kusita: ni ngao ya mwandishi. Hadithi nimeitunga mimi, usiichapishe bila ruhusa yangu. Sawa kabisa. Lakini ngao hiyohiyo iliwahi kupelekwa mahakamani huko Marekani ili ilinde katriji ya printa, kile kibweta cha plastiki kinachobeba tona, unga mweusi unaogeuka herufi kwenye karatasi zetu. Kesi hiyo inafaa tuijue sisi tunaoandika, maana ndani yake majaji walibanwa wajibu swali ambalo ni letu pia: ni maandishi gani hasa yanayostahili kulindwa?

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, Chester Carlson alifanikiwa kunakili maandishi kwa kutumia umeme tuli na unga mkavu, bila tone la wino. Maandishi yenyewe yalikuwa ni tarehe ya siku ile na jina la mahali pale, basi. Kutokana na jaribio hilo zikaja mashine za fotokopi, na baadaye printa za leza. Mwaka 1984 Hewlett-Packard ilitoa LaserJet, ambayo mtambo wake wa ndani ulitengenezwa na Canon ya Japani. Unga wake ulikaa ndani ya katriji. Ukiisha, unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, kazi inaendelea.

Hapo ndipo pesa ilipojificha. Printa hununuliwa mara moja, tona hununuliwa kila siku. Na watu si wajinga, bwana. Unga ukiisha, plastiki bado ni nzima. Wakazuka mafundi wa kuifungua katriji, kuisafisha, kubadilisha vilivyochakaa, kuijaza upya na kuiuza kwa bei nafuu. Katriji za zama zile hazikuwa na akili. Printa haikujua, wala haikuuliza, nani kaijaza.

Lexmark, kampuni ya Lexington, Kentucky, iliyotoka tumboni mwa IBM mwaka 1991, ikatafuta dawa. Kwanza ilijaribu ahadi. Mteja aliuziwa katriji kwa punguzo la takriban asilimia 20, kwa sharti kwamba unga ukiisha asiijaze tena, airudishe kwa Lexmark tu. Lakini ahadi ya kwenye boksi ni ahadi ya kwenye boksi. Nani atakuja ofisini kwako kukagua? Basi ikaamuliwa printa yenyewe iwe askari, na katriji ikatiwa chipu.

Mambo huenda hivi. Kila printa inapowashwa, au mfuniko unapofunguliwa na kufungwa, chipu inapiga hesabu kwa kanuni inayojulikana hadharani, na printa nayo inapiga ya kwake. Majibu yakilingana, unachapa. Yakitofautiana, printa inagoma, hata kama unga umejaa mpaka juu! Aliyejaza katriji kwa mikono yake hodari anaonekana mwizi mbele ya mashine.

Kampuni ya Static Control Components ya Sanford, North Carolina, ilikuwa ikiwauzia mafundi hao vipuri. Ikatengeneza chipu yake, SMARTEK, iliyojua kujibu maswali ya printa. Ndani yake ilinakili, herufi kwa herufi, programu fupi ya Lexmark ya kukadiria tona iliyobaki. Tarehe 30 Desemba 2002 Lexmark ikaenda mahakamani na madai mawili makubwa. Kwanza, mmeiba maandishi yetu, maana sheria ya Marekani huilinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu. Pili, mmevunja kufuli letu, kinyume cha sheria ya mwaka 1998, ile inayoitwa kwa kifupi DMCA. Sheria hiyo ilitungwa kwa hofu ya wizi wa muziki, filamu na vitabu katika zama za kompyuta. Sasa ikaitwa ije ilinde unga. Februari 2003 jaji wa Kentucky akakubaliana na Lexmark, akazuia SMARTEK isiuzwe.

Hebu tuitazame hiyo "kazi" iliyoibiwa. Toleo moja la programu lilikuwa na baiti 37, jingine baiti 55. Chukulia baiti moja kama herufi moja. Mahakama ya rufaa yenyewe ilisema kwamba ukiandika tu jina la kesi, "Lexmark International, Inc. vs. Static Control Components, Inc.", utakula nafasi kubwa kuliko programu ile. Nimehesabu herufi, vituo na nafasi zake: 63. Watu wazima waligombania kitu kifupi kuliko jina la ugomvi wao!

Ufupi si hoja, lakini. Shairi la mistari miwili nalo lina mwenyewe. Kilichoangaliwa ni kama mtunzi alikuwa na nafasi ya kuchagua maneno. Printa ilikuwa inaikagua programu ile, na ikikuta imebadilishwa inakataa kufanya kazi. Kwa hiyo, tarehe 26 Oktoba 2004, mahakama ya rufaa ikatengua zuio. Maneno ambayo lazima yawe vilevile ndipo mlango ufunguke yanafanya kazi ya ufunguo. Na kuhusu kufuli, Jaji Sutton alitoa mfano wa nyumba: huwezi kusema umeifunga kwa kutia kufuli mlango wa nyuma, ilhali wa mbele uko wazi. Aliyenunua printa angeweza kuisoma programu yake kubwa bila kizuizi chochote.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba Static Control nayo inaweza kuishitaki Lexmark kwa kuwatangazia wateja habari za uongo juu yake. Na mwaka 2017, katika kesi ya Lexmark na Impression Products, mahakama hiyo ilisema mwenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi, akishauza kitu chake, hataza hiyo haimpi tena nguvu juu yake, hata akiwa amekiuza nje ya Marekani.

Je, kufuli zimekwisha? Thubutu! Septemba 2016 printa za HP za wino wa maji zilianza ghafla kukataa katriji za kampuni nyingine. Wateja wakaja juu, HP ikaomba radhi, ila kufuli za namna hiyo zikaendelea. Kisha Januari 2022 dunia ikapungukiwa na chipu, na Canon ikalazimika kuuza tona zisizo nazo. Mashine zake zikaanza kuzikataa tona za Canon yenyewe! Kampuni ikawaelekeza wateja wa Ujerumani namna ya kulipita onyo, na ikasema ubora wa uchapaji hautaharibika, ila kipimo cha unga uliobaki ndicho kinaweza kukosea.

Ndugu msomaji, siku utakapochapisha mswada steshenari, na printa ikaandika kwamba katriji si halisi, usidhani umesomewa hukumu. Hiyo ni sauti ya muuzaji. Nasi tunaolilia hakimiliki, na tuna haki ya kulia, tulilie sentensi tulizozichagua wenyewe usiku kucha. Tukiruhusu neno hilo liwe jina la kila kufuli dukani, siku tutakapolihitaji kweli watu watakuwa wameshachoka kulisikia.