Njia ya mizabibu: kutoka Givry mpaka Cluny

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa mashariki, iko njia moja ambayo motokaa haziruhusiwi kupita. Inaanzia Givry, karibu na mji wa Chalon-sur-Saône, nayo inaelekea kusini kati ya vilima vya mizabibu mpaka Cluny, mji mashuhuri wa watawa wa zamani. Urefu wake ni kilometa 44 hivi. Humo hupita watu wa miguu, wazee, watoto wanaojifunza kuendesha, na hasa watu wa baiskeli, ile ambayo wengi wetu huku Kongo tunaiita kinga.

Miaka hii imetokea baiskeli ya namna mpya, iliyotengenezwa kwa ajili ya changarawe. Usukani wake umepindika kama wa baiskeli za mashindano, lakini mipira yake ni minene. Mwenye kuipanda haogopi kuacha lami na kuingia vijia vyeupe vya wakulima katikati ya mashamba, akitoka kijiji kwenda kijiji. Hana lori la kumtia hofu. Asikia ndege na kengele za makanisa.

Pengine msomaji atauliza: Matembezi ya Wazungu yatuhusu nini sisi? Tunamjibu ya kwamba njia hii ina historia ndefu, na historia ile ni ya mikono ya watu. Kila mahali ambapo gurudumu lapita kwa urahisi leo, wengine walitaabika kwanza. Na kati yao wamo wazee wetu.

Watawa na mashamba yao

Mwaka 910 Duki Guillaume wa Aquitaine alitoa shamba lake la Cluny ili watawa wa Mtakatifu Benedikto wakae huko. Katika hati yake aliwaweka chini ya ulinzi wa Mitume Petro na Paulo, hata mtawala ye yote wa dunia asiwaingilie. Abati wa kwanza alikuwa Berno. Katika miaka mia mbili hivi nyumba zilizoifuata Cluny zilipita elfu moja katika Ulaya. Sisi wenyewe tunafuata desturi moja iliyotoka huko: Abati Odilo, aliyefariki mwaka 1049, ndiye aliyeagiza watawa wake wawaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto yamruhusu mtawa kipimo kidogo cha divai kwa siku, na Misa haiwezekani pasipo divai. Basi, watawa walihitaji mizabibu. Walikuwa na mashamba na wakulima wa kuyalima, na vilima hivi vya mawe ya chokaa vilifaa sana. Mzabibu haumtii mtu mvivu. Lazima kuukata matawi wakati wa baridi, kuufunga kwenye miti, kupalilia, na kuchuma zabibu kwa siku chache zilizo sawasawa. Vijia vile ambavyo watu wa baiskeli wanavifurahia, kwanza vilikuwa njia za vikapu, majembe na mikokoteni.

Kando ya njia wapo mashahidi wa siku zile. Mji mdogo wa Saint-Gengoux-le-National unazo bado nyumba na vichochoro vya zamani. Taizé ina kanisa dogo la mawe la wakati wa watawa. Na kijijini hapo Bruda Roger alifika mwaka 1940, akawapokea wakimbizi wa vita, halafu akaanzisha jumuiya ambayo vijana wa nchi nyingi huiendea mpaka leo.

Kanisa lililogeuzwa machimbo

Mwaka 1088 Abati Hugo alianza kujenga kanisa jipya la Cluny. Baba Mtakatifu Urbano wa Pili, ambaye mwenyewe alikuwa mtawa wa Cluny, alibariki altare yake kubwa mwaka 1095. Kanisa lile lilipomalizika lilikuwa na urefu wa meta 187 hivi. Hapakuwa na kanisa kubwa kuliko hilo katika Ukristo wote, mpaka Bazilika ya Mtakatifu Petro ilipojengwa upya huko Roma.

Halafu yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1790 mashirika ya watawa yalikatazwa, na mwaka 1798 majengo yaliuzwa. Walioyanunua hawakutaka kusali, walitaka mawe. Wakabomoa, wakauza, na kazi ile ikaendelea zaidi ya miaka ishirini. Leo haijasalia hata sehemu moja ya kumi ya kanisa. Msafiri aona mnara mmoja mkubwa wa pembe nane, na kuta zilizokatwa ghafula. Mengine ayatafute katika kuta za nyumba mjini. Kazi ya vizazi iliisha hivyo, wala si kwa tetemeko la nchi, bali kwa biashara ya mawe.

Mdudu na gari la moshi

Wakulima wa mizabibu nao walipatwa na msiba wao. Tangu miaka ya 1860 mdudu mdogo sana aitwaye filoksera, aliyeletwa pamoja na miche kutoka Marekani, alifyonza mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Vilima vizima vikakauka, jamaa nyingi zikafilisika. Dawa ilipatikana huko huko alikotoka adui: walichukua shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake yamvumilia mdudu, wakaunganisha juu yake tawi la mzabibu wa Ufaransa. Hivi mizabibu unayoiona kando ya njia yasimama juu ya mizizi ya kigeni. Huko Buxy wakulima walijifunza pia kusaidiana: mwaka 1931 waliunda ushirika wa kutengeneza na kuuza divai yao pamoja.

Karne ile ile ya 19 ilileta reli katika mabonde haya. Wafanyakazi walichimba ardhi, wakasawazisha, wakajenga madaraja. Gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali; kwa hiyo walilitafutia mteremko wa pole. Baadaye motokaa zililishinda, vituo vikafungwa, reli zikang'olewa. Njia ingaliweza kubaki pori. Lakini wakuu wa jimbo la Saône-et-Loire waliona afadhali kuitumia tena, na mwaka 1997 Njia ya Kijani ya kwanza ya Ufaransa ilifunguliwa hapa. Kusini ya Cluny imeendelezwa kuelekea Mâcon, hata kupita ndani ya handaki la zamani la Bois Clair, lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja na nusu. Wakati wa baridi handaki hufungwa ili popo walale kwa amani. Mtoto akipanda baiskeli hapo bila kuchoka, ni kwa sababu wachimbaji wa reli walichoka kabla yake.

Mpira watoka wapi?

Yabaki baiskeli yenyewe. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza gari la magurudumu mawili, lakini mtu alijisukuma kwa miguu chini. Pedali zikaja Paris katika miaka ya 1860. Magurudumu yalikuwa magumu, yakatikisa mifupa, mpaka mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama huko Belfast, alipopata hati ya mpira uliojazwa hewa. Ulaya na Amerika zikataka mpira kwa pupa: kwanza kwa baiskeli, kisha kwa motokaa, na kwa mashine na nyaya pia.

Na mpira ulikuwa katika misitu yetu, ndani ya mimea itambaayo juu ya miti kama mzabibu. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885 mpaka 1908, watu walilazimishwa kuuleta. Wake zao walifungwa kama rehani. Askari walikata mikono ili kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha mtu aitwaye Nsala, ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha kama hizo zilionyeshwa Ulaya, zikasaidia kuamsha dhamiri, na mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji.

Hatusemi kwamba kijana anayepita leo kati ya mizabibu ya Givry ana hatia. Twasema tu ya kwamba ukumbusho ni deni. Majina ya maabati wa Cluny yameandikwa. Majina ya wachimbaji, ya wachumaji zabibu, na ya wakata-mpira wa Kongo hayakuandikwa, isipokuwa machache kama la Nsala. Msomaji anayesukuma kinga yake kesho, yenye gunia la makala au mihogo, auangalie mpira wa gurudumu. Tarehe 2 Novemba ikifika, tuwaombee na hao.