Upimaji otomatiki wa kiolesura cha programu za simu

Upimaji otomatiki wa kiolesura ni utaratibu ambao programu maalumu, badala ya kidole cha mtu, hubonyeza vitufe, hujaza fomu na kusoma kinachoonekana kwenye skrini ili kuhakikisha kuwa programu inayopimwa inafanya kazi ipasavyo. Zana zake mashuhuri ni Appium na Espresso, ambayo Google iliitoa mwaka 2013.

Tatizo lake sugu ni jaribio kigeugeu, yaani lile linalofaulu leo na kushindwa kesho ilhali hakuna aliyegusa msimbo. Mwaka 2016 Google ilieleza kuwa takriban asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na hali hiyo kwa kiasi fulani. Mara nyingi chanzo ni muda: jaribio likiagizwa kusubiri sekunde tano, na jibu la seva likachukua sita, hutangaza kosa lisilokuwepo. Vilevile, jaribio linalotafuta kitufe kwa neno la Kiingereza hukikosa mara simu inapowekwa Kiswahili na kitufe kusomeka “Tuma”.

Lililo zito zaidi ni umbali kati ya maabara na mtumiaji. Simu ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta Dar es Salaam haina kioo kilichopasuka, kumbukumbu iliyojaa wala mtandao unaokatika katikati ya muamala, mambo ambayo mkulima wa korosho au ufuta katika kata ya Nkowe, wilayani Ruangwa, anaweza kukutana nayo. Kwa hiyo mtengenezaji makini hudhoofisha mtandao kwa makusudi na kupima pia kwenye simu halisi za bei nafuu.