Nani Alipiga Ile Solo ya 1964? Dogo Mwenye Wembe na Deiwaka Aliyesingiziwa

Haya wadau, tuanze kwa mtindo wetu, bila majina kwanza.

Dogo wa miaka 17, kitinda mimba katika nyumba ya watoto wanane kaskazini mwa London, anaingia studio na kaka yake. Anapiga solo ya sekunde chache tu. Ni chafu, ina makwaruzo, inasikika kama mtu anayegombana na gitaa lake mwenyewe. Muda si mrefu wimbo uko namba moja Uingereza nzima. Hapo ndipo minong'ono inaanza: siyo dogo aliyepiga. Eti aliletwa kijana mmoja wa kukodiwa, miaka 20, jina lake halikuandikwa popote, akapiga, akachukua chake, akaondoka. Miaka inapita, yule kijana wa kukodiwa anakuwa mmoja wa wapiga gitaa maarufu kuliko wote duniani, na minong'ono inageuka kuwa "kila mtu anajua".

Sasa majina. Dogo ni Dave Davies wa The Kinks. Kaka yake ni Ray Davies, mtunzi na mwimbaji wa bendi. Wa kukodiwa ni Jimmy Page, yule yule aliyekuja kuanzisha Led Zeppelin mwaka 1968. Wimbo ni You Really Got Me, uliotoka Agosti 1964 na kushika namba moja Uingereza Septemba mwaka huo huo, kisha ukafika namba 7 Marekani.

Ubishi huu una zaidi ya nusu karne na bado kuna watu wanauendeleza. Leo tuuangalie vizuri, maana ndani yake kuna mtu aliyeonewa. Ila mtu huyo si mmoja tu, na wa pili huwa hatajwi kabisa.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa 1964 The Kinks walikuwa vijana wa mtaani tu kutoka Muswell Hill. Walikuwa chini ya lebo ya Pye, na nyimbo zao mbili za kwanza zilidoda. Ya tatu nayo ikianguka, safari yao ingeweza kuishia hapo. Ray alikuwa na wimbo aliouanzia kwenye piano ya sebuleni kwao: kipande kifupi kinachojirudia, kinapanda, kinajirudia tena. Walipourekodi mara ya kwanza ulitoka wa taratibu, umepoa, hauna makali. Ray akakataa katakata usitoke hivyo. Wakabishana na wakubwa hadi wakaruhusiwa kurudia, safari hii kwenye studio za IBC, London, chini ya prodyuza Mmarekani aitwaye Shel Talmy.

Makali waliyokuwa wanayatafuta yalitoka kwa Dave. Alikuwa na amplifaya ndogo ya bei chee, aina ya Elpico. Siku moja, kwa maelezo yake mwenyewe, akiwa na hasira za kuachanishwa na mpenzi wake, alichukua wembe akaichana ile karatasi ya spika. Badala ya kuharibika, ikaanza kukoroma. Akaichomeka kwenye amplifaya kubwa ya Vox AC30, na ule mkoromo ukawa ngurumo. Siku hizi kifaa cha kuchafua sauti ya gitaa kinauzwa kila duka la muziki. Mwaka 1964 kilikuwa adimu kweli kweli, na dogo alijitengenezea cha kwake kwa wembe.

Kwa hiyo mtu akisema Dave hakupiga gitaa kwenye wimbo ule, anamnyang'anya kitu kikubwa kuliko solo. Anamnyang'anya ugunduzi wake, na mlio ule ndio uliokuja kuwa chakula cha kila siku cha wapiga roki waliofuata.

Sasa uvumi ulitoka wapi? Hapa tuwe wakweli, maana waliovumisha hawakuwa wendawazimu. Kulikuwa na sababu tatu nzuri tu za kushuku.

Kwanza, mambo ya kukodi yalikuwepo, tena sana. Studio za London za wakati ule zilikuwa na kundi la madeiwaka: wanamuziki mahodari wanaoitwa kwa kipindi cha saa tatu, wanawekewa karatasi mbele, wanapiga, wanalipwa, wanakimbilia studio nyingine. Jina halikai kwenye jalada. Hata The Beatles yaliwakuta. Septemba 1962, walipokuwa wanarekodi Love Me Do, prodyuza alimwita Andy White apige ngoma, na Ringo Starr akapewa tari kwenye toleo moja la wimbo huo. Marekani nako, The Byrds walipotoa Mr. Tambourine Man mwaka 1965, katika bendi nzima ni Roger McGuinn peke yake aliyepiga chombo, vingine vyote vilipigwa na watu wa kukodiwa. Kwa hiyo kushuku kwamba vijana wa jaladani sio waliopiga hakukuwa upuuzi.

Pili, Jimmy Page alikuwa kinara wa madeiwaka hao. Kulikuwa na mkongwe aitwaye Big Jim Sullivan, na ili wasichanganywe, Page akaitwa Jim Mdogo. Mwaka huo huo wa 1964 alipiga kwenye Goldfinger ya Shirley Bassey na kwenye As Tears Go By ya Marianne Faithfull. Alikuwa kila mahali, na jina lake halikuwa mahali popote. Mtu wa namna hiyo ukimsingizia wimbo wowote, nani atakubishia?

Tatu, na hapa ndipo uvumi ulipopata miguu, Page kweli aliwahi kufanya kazi na The Kinks. Talmy alimwita wakati wa kurekodi albamu yao ya kwanza, iliyotoka Oktoba 1964. Kwa maelezo ya Talmy, alimtaka apige gitaa la kusindikiza kwenye baadhi ya nyimbo ili Ray ashughulike na kuimba tu. Umeona? Kuna ukweli kidogo mle ndani. Page, The Kinks, 1964, studio. Ukichukua vipande hivyo vinne na kuvitikisa pamoja, unapata hadithi tamu ambayo ni ya uongo.

Halafu ikaja 1968. Led Zeppelin wakalipuka, Page akawa mfalme. Watu wakaanza kupekua nyuma kutafuta alikopita, na kila solo tamu ya London isiyo na mwenyewe ikaanza kupewa yeye. Mwenye nacho huongezewa. Hakuna anayemzulia solo mtu asiyejulikana.

Sasa ushahidi. Waliokuwa na haki ya kusema ni watu wanne: Dave, Ray, Talmy na Page mwenyewe. Wote wanne wamesema kitu kimoja: ile solo ni ya Dave.

Utasema Dave anajitetea na Ray anamlinda mdogo wake. Sawa, ingawa wanaowajua hao ndugu wawili wanajua kwamba kulindana haikuwa tabia yao. Waligombana karibu maisha yao yote ya muziki. Kama kuna mtu angefurahi kumvua mdogo wake taji hadharani, ni Ray, na hakufanya hivyo hata siku moja kwa wimbo huu.

Talmy naye hakuwa na sababu ya kuficha. Alikuwa anawakodi watu na anasema wazi. Miezi michache baadaye aliwarekodi The Who wimbo wa I Can't Explain, na Page akawepo studio. Hilo halijafichwa. John Entwistle, mpiga besi wa The Who, alieleza kwamba hata upande wa pili wa santuri ile Page alipiga, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kifaa cha kuchafua sauti ya gitaa. Kama Talmy alikiri kwa The Who, kwa nini akatae kwa The Kinks?

Na Page? Huyu ndiye shahidi mzito kuliko wote, maana yeye ndiye angefaidika. Amepewa sifa ya bure, tena ya wimbo uliobadilisha muziki wa roki. Angenyamaza tu, ingebaki kwake. Badala yake ameulizwa miaka na miaka, na amekana: hakupiga.

Ukitaka ushahidi wa masikio, sikiliza mwenyewe. Page wa 1964 alikuwa fundi aliyenyooka, mtu wa kupewa karatasi na kupiga bila kukosea, ndiyo maana walimwita kila siku. Solo ile haina unyoofu wowote. Inajikwaa, inakimbia, inarudia, inakaribia kuanguka kisha inasimama. Ni dogo wa miaka 17 aliyejaa hasira na anajua hana nafasi ya pili. Halafu sikiliza wimbo wao uliofuata, All Day and All of the Night, wa mwezi Oktoba mwaka ule ule. Mkono ni ule ule na mkoromo ni ule ule. Na jukwaani, ambako huwezi kumficha mtu wa kukodiwa, Dave ndiye aliyeipiga solo ile kwa miongo mingi.

Kwa hiyo kesi ya gitaa imekwisha. Ni Dave.

Lakini subiri kwanza, usiondoke. Nilisema aliyeonewa si mmoja.

Turudi siku ile IBC. Kwenye santuri kuna ngoma, zile zinazoingia kwa kishindo na kuusukuma wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Bendi ilikuwa na mpiga ngoma wake, Mick Avory, kijana aliyejiunga nao mwanzoni mwa mwaka huo huo. Siku ile Avory alipewa tari. Ngoma zilipigwa na mtu wa kukodiwa, Bobby Graham. Na piano inayosikika kwa mbali? Hiyo pia ni ya deiwaka. Wengi humtaja Arthur Greenslade. Jon Lord, aliyekuja kutamba na Deep Purple, naye aliwahi kusema kwamba ni yeye.

Umeliona hilo? Tumebishana zaidi ya miaka 50 kuhusu mtu wa kukodiwa ambaye hakupiga, na wakati wote huo kulikuwa na mtu wa kukodiwa ambaye kweli alipiga, kwenye wimbo huo huo, na anasikika kila sekunde. Walioingia vitani kwa ajili ya Page ni wengi. Wa kumsemea Bobby Graham unawahesabu kwa vidole.

Na Graham hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipiga kwenye maelfu ya rekodi za Uingereza za miaka ya 60. Ukiwasha redio ya nyimbo za zamani, uwezekano wa kumsikia bila kujua ni mkubwa. Alifariki mwaka 2009, na mashabiki wengi wa The Kinks wangekutana naye dukani wasingegeuza shingo. Kosa lake ni dogo tu: hakuja kuanzisha Led Zeppelin. Hakuwa na umaarufu wa baadaye wa kuangaza kazi yake ya zamani.

Avory naye mfikirie. Kijana mgeni kwenye bendi, wimbo wa kuokoa maisha yenu unarekodiwa, unaambiwa shika tari. Kisha wimbo unakuwa namba moja na unaupiga kila usiku mbele ya mabinti wanaopiga kelele, ukijua ile santuri waliyonayo nyumbani sio mikono yako. Alivumilia. Alikaa na The Kinks hadi 1984, na nyimbo nyingi kubwa zilizofuata ni ngoma zake yeye mwenyewe, halali kabisa.

Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sisi wapenda umbea huu ndio msemo wetu wa kujitetea. Safari hii umetugeuka. Lililosemwa halikuwepo na wala halikuja. Lililokuwepo ni lile ambalo hakuna aliyelisema, kwa sababu halikuwa na mtu maarufu ndani yake.

Kwa hiyo ukikutana tena na yule mjuaji wa kijiweni anayeshikilia kwamba solo ile ni ya Jimmy Page, usigombane naye. Mwambie hivi: Page mwenyewe amekataa, mwachie dogo jasho lake na wembe wake. Halafu muulize ngoma alipiga nani. Akinyamaza, mpe jina. Ni Bobby Graham.