Karo Ziliishia Salo: Historia Fupi ya Kuisini Hapa Bunia

Wandugu, nyumba mpya ikikamilika hapa Bunia, iwe Mudzipela, Nyakasanza ao Lumumba, mgeni anaonyeshwa kwanza karo za salo. Zinang'aa. Plafo iko, rangi iko, mapazia yanafanana na viti. Sasa uliza swali moja tu: chakula kinapikwa wapi? Mara nyingi unapelekwa nyuma, kwenye kijumba cha manjanja, ukuta umekuwa mweusi kwa moshi, chini ni udongo ao simenti iliyopasuka. Nyumba ni moja, familia ni moja, lakini pesa ilisimama kwenye mlango wa nyuma. Tunazoea kusema ni umaskini. Lakini mtu aliyenunua karo za salo si kwamba alikosa pesa kabisa. Iko sababu ingine, na sababu hiyo iko na historia.

Tuanze na wazee wetu. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, paa ya majani, moto kati ya mafiga matatu. Usifikiri udongo ule ulipakwa bila akili. Kwa wafugaji, ulichanganywa na mavi ya ng'ombe, ukapakwa sakafuni kwa mkono. Ukikauka unashika vumbi na haupasuki ovyo. Ukuta na sakafu vilitoka karibu shimo moja, kwa hiyo rangi zilipatana bila mtu kuumiza kichwa. Ukiharibika, unapaka tena. Na kazi ya kupaka, kwa sehemu kubwa, ilikuwa mikononi mwa wanawake. Yule aliyepika njo alitengeneza sakafu ya jiko lake. Tushike jambo hilo, litatusaidia mwishoni.

Kisha dhahabu ikaja. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia waligundua dhahabu upande wa Kilo. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto. Pamoja na migodi zikaja barabara, matofali ya kuchoma, simenti na manjanja. Ikaja pia namna mpya ya kupanga parseli. Katika nyumba nyingi za Wazungu wa koloni, kuisini ilitengwa na nyumba kubwa. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kawaida: moto wa kuni, moshi na harufu. Sababu ya pili ilikuwa ubaguzi. Aliyepika alikuwa boyi, Mwafrika, na mahali pake palikuwa nyuma. Vitu vizuri viliwekwa mbele, mahali bwana anapokaa na kupokea wageni. Nyuma palitosha simenti tupu. Uhuru ulipofika mwaka 1960 wenye nyumba walibadilika, lakini ule mpango wa parseli ulibaki. Leo hatuna boyi wa koloni, lakini mama na dada zetu wanapika palepale alipowekwa.

Sasa angalia. Mwaka uleule wa 1926, kule Frankfurt, Ujerumani, mwanamke mwenye kazi ya kuchora nyumba, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo la karibu mita 1.9 kwa 3.4. Kila kitu alikichagua kwa kazi yake. Sanduku la unga lilikuwa la mbao ya mwaloni, kwa sababu mbao hiyo inafukuza wadudu. Meza ya kukatia ilikuwa ya mbao ngumu isiyoharibiwa upesi na kisu. Makabati yalipakwa rangi ya bluu kwa sababu iliaminiwa kwamba nzi hawaipendi. Majiko karibu 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Cha kuchekesha, yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba kabla ya kulichora hakuwa amewahi kupika!

Mkubwa wake wa kazi, Ernst May, alifika Afrika Mashariki mwaka 1934. Alilima kahawa karibu na Arusha, akafanya kazi Nairobi, na katika miaka ya 1940 akachora mpango wa kupanua Kampala upande wa Kololo na Naguru. Kampala hiyo njo soko ambako wafanyabiashara wetu wanafuata karo na rangi, wakizipitisha Mahagi. Karo zimefika. Ile fikra ya kuuliza kila sakafu na kila ukuta unafanya kazi gani, hiyo tuliiacha njiani.

Tusijilaumu bure, maana historia ilitupiga pia. Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisasio, na maduka ya wageni yakapewa Wazairwa. Mengi yalianguka, vitu vikapotea sokoni. Barabara ziliharibika. Kiwanda cha simenti cha Lukala kiko mbali kabisa, upande mwingine wa nchi, basi macho yetu yakageukia Uganda, kwenye simenti ya Hima na ya Tororo.

Halafu vita vya Ituri, 1999 mpaka 2003. Mwezi wa Mei 2003 mapigano yalijaa humu mjini, mpaka askari wa Operesheni Artemis wakafika mwezi wa Juni. Watu walikimbia, na wengi waliporudi walikuta manjanja, milango na madirisha vimeibiwa. Mtu aliyepita hapo anajifunza somo moja: karo haibebwi kichwani. Kiti kinabebwa, sufuria inabebwa, radio inabebwa. Sakafu unaiacha. Kwa hiyo pesa kidogo ya kujenga ikienda mahali majirani watakapoiona, ni namna ya kusema: tumerudi, tuko hapa. Hilo ninalielewa. Lakini salo inaonwa na mgeni saa moja, kuisini inatumiwa na mtu wa nyumbani kila siku.

Basi wewe uliyemaliza masomo na unatengeneza nyumba ya wazazi, ufanye namna gani? Anza na moshi. Hakuna rangi wala karo inayoshinda moshi. Kama mnapika kwa makala, madirisha na tundu la juu vije kwanza, maana hewa ya makala katika chumba kilichofungwa inaua. Kisha sakafu. Karo inayong'aa ya salo ikipata maji na mafuta inaangusha watu. Chukua yenye uso wa kukwaruza kidogo, na rangi ya katikati, kahawia ao kijivu: nyeupe inatangaza vumbi letu jekundu na makala, nyeusi inatangaza unga wa fufu.

Ukuta hauhitaji karo zote. Weka nyuma ya moto na mahali pa kuoshea vyombo, mpaka pale matone yanapofika. Juu yake paka rangi ya mafuta inayooshwa. Meza ya simenti iliyolainishwa vizuri inatosha. Ukitaka karo juu yake, chukua kubwa, kwa sababu mistari mingi inaficha uchafu. Rangi zipatane kwa kuanza na kitu kigumu kubadilisha, yaani sakafu. Ukuta na milango vifuate. Na karo zote nunua mara moja, na maboksi ya akiba, maana mzigo unaofuata unaweza kuwa na rangi tofauti kidogo.

Tena tusiige Frankfurt kama kasuku. Jiko lile lilichorwa kwa mwanamke mmoja, peke yake, amesimama. Kwetu mmoja anatwanga sombe, mwingine anachambua mchele kwenye kiti kifupi, mtoto anapita na bidoni ya maji. Kuisini yetu inataka nafasi pana, na mahali pa kukaa.

Lakini mbele ya haya yote, iko swali la wazee. Zamani aliyepika njo alipaka sakafu yake. Leo karo inachaguliwa na baba, mtoto aliye kazini na fundi, halafu mpishi anaitwa kuja kuosha. Mbele ya kumpigia fundi simu, ingia kuisini, keti kwenye kile kiti kifupi, umuulize mama: hapa unateleza wapi, unaumia wapi, moshi unatokea wapi? Orodha ya vitu vya kununua itatoka mdomoni mwake.